Trikomona: Ijue, itibu, na umtibu mwenza wako

Trikomona, au trikomoniasi kama wataalamu wanavyoiita, ni maambukizi ya sehemu za siri yanayosababishwa na kimelea kidogo sana kisichoonekana kwa macho. Huambukizwa kwa kujamiiana. Ni ugonjwa wa ngono unaotibika kabisa kwa vidonge vya kawaida, na bado ni miongoni mwa magonjwa yanayowasumbua watu kwa muda mrefu kwa sababu hawaufahamu, au wanautibu kwa dawa isiyo yake, au anatibiwa mmoja na mwenzake anaachwa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 156 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliambukizwa trikomona. Idadi hiyo ni kubwa kuliko ya kisonono na kaswende zikijumlishwa. Kwa hiyo, ukiambiwa unayo, usijione umetengwa na binadamu wengine. Ni ugonjwa wa watu wengi, wa mjini na wa kijijini, walio kwenye ndoa na wasio kwenye ndoa.

Ukurasa huu unakueleza ugonjwa wenyewe, dalili zake, vipimo, dawa, na jambo ambalo wengi huliona gumu kuliko vyote: namna ya kumwambia mwenza.

Kimelea chenyewe

Trikomona si bakteria, si virusi na si fangasi. Ni kimelea cha chembe moja chenye vijimkia vinavyokisaidia kutembea. Daktari Mfaransa Alfred Donné ndiye aliyekieleza kwa mara ya kwanza, mwaka 1836, baada ya kukiona kwenye darubini. Kwenye cheti cha maabara utaona kimeandikwa kwa jina la kisayansi, T. vaginalis, au kwa kifupi TV.

Kwa mwanamke, kimelea huishi ukeni, kwenye mlango wa kizazi na kwenye njia ya mkojo. Kwa mwanaume, huishi kwenye njia ya mkojo na wakati mwingine kwenye tezi dume. Hakiishi kwenye damu, kwa hiyo kipimo cha damu cha VVU au cha kaswende hakiwezi kukionesha. Mama mjamzito aliyepimwa damu kliniki na kuambiwa yuko salama bado anaweza kuwa na trikomona.

Unavyoambukizwa

Njia kuu ni kujamiiana bila kondomu na mtu mwenye maambukizi. Hakuna haja ya mtu huyo kuonekana mgonjwa. Wanaume wengi wanaoambukiza hawana dalili yoyote na hawajui kama wanayo.

Huku Kongwa, kama ilivyo sehemu nyingine nyingi, wagonjwa husema wameokota ugonjwa chooni, hasa wanaochangia choo katika nyumba za kupanga au kwenye nyumba za wageni. Ukweli ni huu: kimelea kinaweza kuishi kwa muda mfupi kwenye sehemu yenye unyevu, lakini kuambukizwa kupitia choo ni jambo la nadra sana. Hakiambukizwi kwa kushikana mikono, kula sahani moja, kuchota maji kisima kimoja wala kuvaliana vitenge.

Tunalisema hili si kwa kumfunga mtu kamba shingoni. Tunalisema kwa sababu anayeamini ameipata chooni haoni haja ya mwenza wake kutibiwa, na baada ya wiki chache ugonjwa unarudi.

Dalili

Kwa kawaida dalili huanza kati ya siku 5 na siku 28 baada ya kuambukizwa. Lakini watu wengi, takriban 7 kati ya 10, hawaoni dalili yoyote.

Kwa mwanamke, dalili zinaweza kuwa:

- Kutokwa na uchafu ukeni kuliko kawaida, mara nyingi wa njano au unaoelekea kijani, mwepesi, wakati mwingine wenye povu.
- Harufu mbaya, kama shombo la samaki.
- Muwasho, wekundu au kuvimba ukeni.
- Maumivu au kuungua wakati wa kukojoa.
- Maumivu wakati wa tendo la ndoa, na wakati mwingine matone ya damu baada yake.

Kwa mwanaume, akiwa na dalili:

- Majimaji kidogo kwenye uume, hasa asubuhi.
- Kuungua wakati wa kukojoa au baada ya kutoa manii.
- Muwasho ndani ya uume.

Ute mweupe au usio na rangi, usio na harufu mbaya wala muwasho, unaobadilika kufuatana na siku za mwezi, ni hali ya kawaida ya mwanamke. Huo hauhitaji dawa.

Ugonjwa huu hauchagui umri kama magonjwa mengine ya ngono. Mama wa miaka 45 au 50 anaweza kuwa nao kama binti wa miaka 20. Mama mtu mzima mwenye muwasho na harufu asione aibu kuja zahanati akidhani atachekwa.

“Nina UTI sugu”

Neno UTI limekuwa jina la kila shida ya chini ya kitovu. Mtu akiungua akikojoa, ni UTI. Akiwashwa, ni UTI. Akitokwa na uchafu, ni UTI. Anakwenda duka la dawa, anapewa sipro au amoksilini, anapata nafuu kidogo au hapati kabisa, na mwezi unaofuata anarudi. Baada ya mizunguko mitatu anasema UTI yake ni sugu.

Sipro na amoksilini ni dawa za bakteria. Haziui trikomona. Dawa za fangasi za kupaka au za kuweka ukeni nazo haziiui. Ukiwa na trikomona ukameza dawa hizo, unapoteza fedha, unawapa bakteria wengine mwilini nafasi ya kuzoea dawa, na kimelea kinaendelea kukaa.

Kwa hiyo, ukiwa umeshatibiwa “UTI” zaidi ya mara mbili ndani ya miezi michache na haijaisha, nenda kituo cha kutolea huduma ukaseme wazi: “Natokwa na uchafu ukeni,” au “Nawashwa sehemu za siri.” Mhudumu anapima kile unachomweleza. Ukimwambia tumbo linauma tu, atatafuta ugonjwa wa tumbo.

Kichocho pia kinaweza kuleta maumivu, uchafu na matone ya damu sehemu za siri za mwanamke, lakini hicho hakitokani na ngono. Hutokana na kuingia kwenye maji yenye konokono wanaobeba vimelea vyake, na dawa yake ni nyingine. Kama umeishi kando ya ziwa, bwawa au mashamba ya mpunga, mwambie mhudumu.

Vipimo

Zahanati nyingi za vijijini hazina maabara kamili. Hapo mhudumu hutumia utaratibu wa kutibu kwa kufuata dalili: anakuuliza maswali, anakuchunguza, kisha anatoa dawa zinazoua vimelea vyote vinavyoweza kuleta dalili hizo. Si kubahatisha. Ni mwongozo unaotumika nchi nzima, na Tanzania ina ushahidi wake yenyewe. Kati ya mwaka 1991 na 1994, utafiti mkubwa ulifanyika mkoani Mwanza katika jamii 12. Katika nusu ya jamii hizo, wahudumu wa vituo vya kawaida walifundishwa kutibu magonjwa ya ngono kwa kufuata dalili na dawa zikahakikishwa zipo. Maambukizi mapya ya VVU katika jamii hizo yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40 ukilinganisha na zile nyingine. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995 na yakasomwa dunia nzima.

Udhaifu wa utaratibu huu ni kwamba unamkosa mtu asiye na dalili. Ndiyo maana mwenza wako anatibiwa hata kama anajisikia mzima.

Kwenye kituo cha afya au hospitali yenye maabara, huchukuliwa majimaji ya ukeni kwa kijiti chenye pamba na kuangaliwa kwenye darubini. Kimelea huonekana kikitembea. Lazima kiangaliwe mara moja, ndani ya dakika chache, kwa sababu kikipoa hakitembei tena na ni vigumu kukitambua. Hata pale ambapo kila kitu kimefanyika sawasawa, darubini hukosa wagonjwa wengi. Kwa hiyo cheti kikisema “hakuna” na dalili zipo, mhudumu bado anaweza kuamua kukutibu. Usimshangae. Vipo vipimo vya kisasa vyenye uhakika zaidi, lakini havipatikani kila mahali.

Siku ya kupimwa, usijioshe ndani ya uke na usiweke dawa yoyote kabla ya kwenda. Omba pia upimwe VVU na kaswende. Magonjwa ya ngono hupenda kusafiri pamoja.

Matibabu

Dawa ya trikomona ni metronidazoli, ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la Flagyl. Ni dawa ya miaka mingi, ya bei nafuu, na inafanya kazi vizuri. Lakini inywewe kwa kipimo sahihi.

Kwa mwanamke, kipimo kinachopendekezwa zaidi ni miligramu 400 au 500 mara mbili kwa siku, kwa siku 7. Kama vidonge ulivyopewa ni vya miligramu 200, unameza viwili asubuhi na viwili jioni, yaani vidonge 28 kwa jumla. Hesabu vidonge vyako kabla ya kuondoka dirishani. Kwa mwanaume, mhudumu anaweza kumpa dozi moja ya gramu 2 kwa mara moja, yaani vidonge 10 vya miligramu 200, au dozi ya siku 7. Dozi ya mara moja ipo pia kwa wanawake, lakini dozi ya siku 7 imeonekana kuponya wanawake wengi zaidi. Mhudumu ndiye atakayeamua kulingana na hali yako.

Mambo ya kuzingatia:

- Meza dawa baada ya kula. Inaweza kuleta kichefuchefu, na ladha ya chuma mdomoni. Mkojo unaweza kuwa mweusi kidogo. Hali hizo huisha dozi ikiisha.
- Usinywe pombe unapotumia dawa na kwa siku mbili baada ya kumaliza. Hii ni pamoja na pombe ya mtama, wanzuki na mvinyo wa zabibu. Mchanganyiko huo unaweza kukuletea kutapika, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio.
- Maliza dozi yote. Muwasho hupungua siku ya tatu au ya nne, na hapo ndipo wengi huacha. Kimelea kilichobaki kitaanza upya.
- Usigawane dozi yako na mwenza. Nusu dozi kwa wawili haimponyi yeyote.
- Mwambie mhudumu dawa nyingine unazotumia, kama una ugonjwa wa ini, kama ni mjamzito au unanyonyesha.

Anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU anaweza kutibiwa trikomona bila kuacha dawa zake.

Duka la dawa muhimu lenye kibali linaweza kukusaidia kwa mambo mengi, lakini kwa uchafu ukeni au uume kutoa majimaji, anza zahanati.

Wewe na mwenza wako

Hapa ndipo matibabu mengi yanapoharibika. Mama anatibiwa vizuri, anapona, baba hajatibiwa, wanakutana, mama anaambukizwa tena. Halafu dawa ndiyo inalaumiwa.

Kanuni ni hii: wenza wote uliokutana nao katika siku za karibuni watibiwe, wawe na dalili wasiwe nazo, na ikiwezekana siku moja na wewe. Msikutane kimwili mpaka nyote mmemaliza dawa na siku 7 zimepita tangu aliyetibiwa mwisho, na dalili zimekwisha.

Swali ambalo huja mara moja ni: nani kaleta? Tunakujibu kitaalamu. Trikomona inaweza kukaa mwilini kwa miezi, hata kwa miaka, bila dalili. Inawezekana mmoja wenu aliingia nayo kwenye ndoa na hakujua. Kipimo hakioneshi tarehe. Hakuna daktari wala maabara inayoweza kutazama kimelea ikasema kilitoka kwa nani. Kwa hiyo, mke aliyekutwa na trikomona hajathibitishwa kuwa si mwaminifu, na mume naye vivyo hivyo. Ndoa isivunjwe kwa cheti cha maabara ambacho hakijasema hivyo.

Unaweza kuanza hivi: “Baba watoto, leo nilikwenda zahanati kwa ule muwasho. Wameniambia ni maambukizi, yanaweza kuwa yalikuwepo muda mrefu bila sisi kujua. Nimepewa dawa, na wamesema nawe uende, la sivyo yatanirudia.” Mwanaume anaweza kusema maneno hayohayo kwa mkewe. Chagua wakati ambao watoto wamelala na hakuna pombe mezani.

Ukiona huwezi kusema, mwombe mhudumu. Anaweza kukupa karatasi ya kumwita mwenza isiyotaja ugonjwa, au kuzungumza nanyi wawili. Kama mwenza yuko safarini, pengine kafuata mahindi soko la Kibaigwa au yuko barabarani na lori, mpigie atibiwe kituo cha afya kilicho karibu naye kabla hajarudi.

Kama unajua kwamba kumwambia kutakuletea kipigo, usimwambie peke yako nyumbani. Mweleze muuguzi kwanza. Usalama wako unatangulia. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi nalo lipo kwa ajili ya mambo hayo.

Usipotibiwa

Trikomona huchubua na kuvimbisha ngozi laini ya ndani. Michubuko hiyo hufungua njia kwa VVU. Mtu mwenye trikomona ana hatari ya kuambukizwa VVU takriban mara moja na nusu ya asiye nayo, akikutana na mwenye virusi. Mwenye VVU naye, asipotibiwa trikomona, anaweza kutoa virusi vingi zaidi kwenye majimaji ya sehemu za siri, hasa kama hatumii dawa vizuri.

Kwa mjamzito, trikomona inahusishwa na chupa kupasuka kabla ya wakati, kujifungua kabla ya miezi kutimia na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Mjamzito mwenye dalili aje kliniki, asisubiri siku yake ya hudhurio. Asinunue dawa mwenyewe. Metronidazoli inaweza kutumika katika ujauzito, lakini mhudumu lazima ajue mimba ina miezi mingapi.

Kama trikomona imeonekana kwa mtoto wa kike, hilo si jambo la kutibu na kunyamaza. Linaweza kuwa ishara ya kufanyiwa ukatili wa kingono. Mpeleke kituo cha afya au hospitali, na mtoto asikaripiwe wala kuulizwa mbele za watu.

Kujikinga

- Tumia kondomu kwa usahihi kila mara unapokutana na mtu ambaye hamjapima na kutibiwa. Hupunguza sana hatari, ingawa haiondoi yote.
- Sindano, kitanzi, vijiti na vidonge vya uzazi wa mpango haviizuii. Tohara nayo si kinga kamili.
- Usijioshe ndani ya uke kwa sabuni, ndimu, maji ya chumvi, wala kuweka shabu au ugoro. Vitu hivyo huchubua, huua bakteria walinzi, na haviui trikomona. Uke hujisafisha wenyewe. Osha nje tu kwa maji safi. Hata pale maji yanaponunuliwa kwa ndoo, kopo moja la maji safi linatosha.
- Ukishapona unaweza kuambukizwa tena. Mwili haujengi kinga ya kudumu.

Rudi kituoni lini?

Rudi kama dalili hazijaisha wiki moja baada ya kumaliza dawa, au zikirudi. Mhudumu atauliza kama mwenza alitibiwa, kisha anaweza kukupa dozi nyingine, kubadilisha dawa au kukupa rufaa kwenda hospitali ya wilaya. Hata ukiwa mzima, mwanamke anashauriwa apimwe tena baada ya miezi 3, pale ambapo kipimo kinapatikana.

Nenda haraka, bila kusubiri, ukiwa na:

- Maumivu makali chini ya kitovu pamoja na homa.
- Ujauzito na kutokwa damu, au maji kutoka kabla ya uchungu.
- Vidonda au uvimbe sehemu za siri.
- Korodani kuvimba na kuuma.
- Kutapika kila unapomeza dawa, au vipele na kuvimba uso baada ya kuimeza.

Unapokuja, njoo na cheti chako cha zamani na makopo au karatasi za dawa ulizokwisha kutumia, hata zile za duka la dawa. Hatutakugombeza. Zinatusaidia kujua kipi kimeshindikana na tuanzie wapi.